Mbotela: Kiswahili cha watu waliotoka bara

Kila ninapomsikia mtangazaji wa hapa Nairobi akijitetea kwamba Kiswahili chake kinayumba kwa sababu yeye ni mtu wa bara, namkumbuka Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji mkongwe wa redio ya Kenya. Tangu atuage tarehe 7 Februari 2025, tunamsifu kwa yale yale: sauti yake, mpira alioutangaza, kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? alichokianza mwaka 1966, na Agosti mosi 1982, wanajeshi waasi walipomlazimisha kutangaza mapinduzi. Halafu mtu anamalizia: yule si alikuwa Mpwani, Kiswahili alizaliwa nacho!

Hapo ndipo ninapokataa.

Mbotela alizaliwa mwaka 1940 huko Freretown, ng'ambo tu ya kisiwa cha Mombasa. Kijiji hicho kilianzishwa na wamishonari wa CMS, shirika la Kanisa la Kianglikana la Uingereza, mwaka 1875 kiwe makao ya watu waliokombolewa utumwani. Manowari za Waingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi ya watumwa baharini, na wengi waliokuwamo wakashushwa pale: Wayao, Wamakua, Wanyasa, watu waliotekwa mbali kabisa na pwani. Wengine walikuwa wamepitishwa India kwanza, wakalelewa na wamishonari huko Nashik, ndipo wakarudishwa Afrika. Kila mmoja alikuja na lugha yake, na jirani yake haielewi. Kiswahili walikikuta. Wakajifunza, wakasali kwacho, wakaoana kwacho, wakalea watoto kwacho.

Ukoo wa Mbotela unatokana na watu hao. Baba yake, James Mbotela, aliandika historia yao kwa Kiswahili katika kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934. Kitabu kile kinawasifu Waingereza kupita kiasi, na wanaokikosoa kwa hilo nawaunga mkono. Hata hivyo, hebu mfikirie mtoto anayezaliwa miaka sita baadaye katika nyumba ya mwandishi huyo. Kwake Kiswahili si cha sokoni tu. Ndicho kilichobeba kisa cha babu zake, kutoka kutekwa hadi kuachiliwa. Mtu wa namna hiyo akiingia Sauti ya Kenya, redio ya taifa, mwaka 1964, haingii na kipawa cha sauti peke yake. Anaingia na kazi iliyofanywa na vizazi kabla yake.

Sisi Nairobi jina hilo tunalitaja kila siku. Mtaa wa Mbotela, kule Jogoo Road, umepewa jina la Tom Mbotela wa ukoo huo huo, kiongozi wa KAU, chama cha siasa cha Waafrika wakati wa ukoloni, aliyeuawa mjini humu mwaka 1952. Wangapi kati yetu tunaoshuka pale tumewahi kufundishwa habari za Freretown shuleni? Mimi sikufundishwa, na inaniuma.

Kwa hiyo nawaomba wenye vituo vya redio: kijana akija kutafuta kazi, msimuulize kwao ni wapi. Mpeni habari ya ukurasa mmoja aisome, kisha mumuulize anasoma vitabu gani vya Kiswahili. Akiwa na hamu lakini bado hajakomaa, mwekeeni mhariri wa lugha amnoe kabla hamjamfungulia maikrofoni, na huyo mhariri mumlipe vizuri.