Bustani ya Turia: mto ulihamishwa, bustani ikabaki

Kila mji wenye mto siku hizi unataka bustani ya Valencia. Wapangaji wa miji huenda Hispania, hupiga picha za watu wakikimbia chini ya madaraja ya mawe, kisha hurudi na michoro ya mabenchi na taa. Kwa maoni yangu wanapiga picha kitu kisicho chenyewe. Bustani ya Turia ni kazi ya wahandisi wa maji kabla ya kuwa kazi ya watunza bustani, na asiyeanza na maji hataipata.

Tarehe 14 Oktoba 1957 Mto Turia ulifurika mara mbili kwa siku moja: kwanza kabla ya mapambazuko, halafu mchana, watu walipokwisha kudhani kwamba mabaya yamepita. Furiko la pili ndilo lililokuwa kubwa zaidi, takriban mita za ujazo 3,700 kwa sekunde. Waliokufa hawakupungua 81. Meya, Tomás Trénor, aliilalamikia waziwazi serikali ya dikteta Franco kwa kuchelewesha misaada, na mwaka uliofuata akaondolewa.

Dawa iliyopatikana ilikuwa kali: mto wenyewe uhame. Sheria ya Plan Sur, yaani Mpango wa Kusini, ilipitishwa 1961. Ukachimbwa mkondo mpya kusini mwa mji, wenye urefu wa kilomita 12 hivi na upana unaokaribia mita 200, uweze kubeba mita za ujazo 5,000 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilichokuja 1957. Wakazi walichangia gharama hata kwenye barua zao, kwa stempu ya ziada ya sentimo 25.

Mkondo wa zamani ukabaki mtupu katikati ya mji, na serikali ilikwisha kuupangia kazi: barabara kuu ya kupeleka magari bandarini. Hapo ndipo wakazi walipokataa. Kaulimbiu yao, kwa lugha yao ya Kivalencia, ilisema mkondo ni wetu na tunautaka wa kijani. Mwaka 1976 Mfalme Juan Carlos aliukabidhi kwa mji, 1982 mbunifu Ricardo Bofill akaleta mpango wa jumla, na sehemu za kwanza zikafunguliwa miaka michache baadaye. Kwa hiyo kutoka furiko hadi nyasi ilipita karibu miaka 30. Meya anayeahidi bustani ya namna hii ndani ya muhula mmoja anawadanganya wapiga kura.

Sasa tazama ilivyo. Bustani ina urefu wa kilomita 9 hivi, na karibu yote iko chini ya usawa wa barabara, katikati ya kuta za mawe zilizojengwa kuzuia maji. Magari hupita juu, kwenye mengi ya madaraja 18. Watu hupita chini. Mtoto mwenye baiskeli anaweza kuanza upande wa magharibi, mahali penye Bioparc, hifadhi ya wanyama, akafika karibu na Oceanogràfic, nyumba ya viumbe wa baharini, bila kukutana na taa hata moja ya kuongoza magari. Hakuna mbunifu aliyelipanga hilo. Ni zawadi ya mto: madaraja ya kale yalishakuwepo kwa sababu maji yalikuwepo. Kasoro yake ni kwamba huingii popote upendapo. Unashuka kwa ngazi au njia ya mteremko, na mwenye kiti cha magurudumu akiipita njia ya mteremko itabidi aitafute nyingine mbele.

Simama chini ya Daraja la Trinitat, la 1402, kongwe kuliko yote. Nguzo zake zina ncha upande wa juu wa mto, kama pua ya jahazi, ili maji yagawanyike badala ya kusukuma ukuta. Leo ncha hizo zinachana hewa tu.

Ubaya wa kulima ndani ya mto uliokauka huanzia chini ya miguu. Hapo pana kokoto na mchanga, na maji hupita kama kwenye ungo. Bila kuletewa udongo na mfumo wa umwagiliaji, mti hukauka katika kiangazi chake cha kwanza. Wakati huohuo ndipo mahali pa chini kabisa mjini, hivyo mvua kubwa hutuama njiani. Njia ya miguu iinamishwe sentimita 2 kwa kila mita moja ya upana, na penye daraja mifereji izibuliwe kabla ya msimu wa mvua, maana majani hukusanyika hapo kwanza.

Sehemu aliyoichora Bofill mwenyewe, mbele ya ukumbi wa muziki wa Palau de la Música, husifiwa sana. Mimi siipendi. Mitende iliyopangwa kwa mistari hupendeza pichani lakini saa saba mchana mwezi wa Julai kivuli chake ni haba. Tena kupanda mti wa aina moja kwa wingi ni kumwandalia mdudu karamu: buu la mbawakawa mwekundu wa mitende hula ndani ya shina, na taji likianza kuinama mara nyingi mti umeshakwisha. Penye misonobari ndiko watu wanakolala juu ya nyasi.

Gulliver, uwanja wa michezo wa watoto ndani ya bustani, kinyume chake, ni kazi ya akili. Ni jitu lenye urefu wa mita 70 lililolazwa chali na kufungwa kamba, na watoto hulipanda tangu 1990. Nywele, vidole na mikunjo ya koti ni sehemu za kuteleza. Aliye chini haoni mtu, anaona vilima tu. Kiangazi nenda asubuhi.

Upande wa mashariki majengo meupe ya mbunifu Santiago Calatrava yanameza nafasi, vivuli vinapungua, kisha bustani inakoma kabla ya kufika baharini.

Halafu kuna 29 Oktoba 2024. Mkondo mpya uliyalinda maeneo ya katikati, lakini bonde la Poyo, ambalo haliingii kwenye mkondo huo, lilifurika na kuifunika miji ya kusini kama Paiporta na Catarroja. Mkoa wa Valencia ulipoteza watu zaidi ya 220. Mtaa wa La Torre ni sehemu ya mji wa Valencia, ila uko ng'ambo ya mkondo, na huko nako walikufa watu. Siku zilizofuata maelfu walilivuka daraja la waenda kwa miguu kutoka upande mkavu, wamebeba mafagio, koleo na chupa za maji.