Goli la kikapu, fundi na sisi wenye nyumba

Goli la kikapu limesimama mbele ya nyumba ninayoishi hapa Columbus, Ohio, na nimelisimamisha kwa mikono yangu. Kila nikitoka kazini naliangalia na moyo unafurahi. Nilituma picha nyumbani Kigoma, nikiwa ndani ya shimo na sururu, nikitegemea pongezi. Mama akajibu: "Mwanangu, huko umekosa hata wa kukuchimbia shimo?" Shemeji yangu akaongeza kwamba nimezoea shida.

Niseme ukweli wote basi. Fundi yupo, ila bei aliyonitajia ilikaribia bei ya goli lenyewe. Asikudanganye mtu kwamba watu wa huku hujifanyia kazi kwa kuwa wana nidhamu kutuzidi. Wengi wetu tunajifanyia kwa sababu mkono wa mtu ni ghali. Lakini ukishalazimika kuifanya kazi, unaijua, na hilo ndilo ninalotaka kusema nanyi.

Kabla sururu haijagusa ardhi nilipiga namba 811, ya kuomba uonyeshwe mabomba na nyaya zilizozikwa pale unapotaka kuchimba. Ni bure. Siku chache baadaye watu wakaja, wakapuliza rangi kwenye nyasi: njano inapopita gesi, nyekundu umeme, bluu maji. Ninyi wa Mwanga na Gungu, huko Kigoma, mnajua bomba letu la maji hugunduliwa lilipo siku gani. Nikachimba karibu mita 1.2, maana baridi ya huku hugandisha udongo, na udongo ukiganda huvimba na kusukuma juu kila kilichosimikwa kwa kina kifupi. Nikamwaga zege, nikazamisha bolti za kushikia nguzo, nikaweka pima maji. Maelekezo yalisema ubao usipandishwe kabla ya saa 72. Watoto walinisumbua sana, nikakataa.

Sasa njooni Kigoma. Mdogo wangu naye alitaka goli uani kwake kwa ajili ya wanawe, nikatuma hela. Akamwita fundi wa kuchomelea, akamwambia "nataka goli la kikapu", akaenda zake dukani. Fundi yule ni hodari. Hakuletewa boksi lenye kila kitu ndani kama langu. Alikata bomba, akapinda nondo, akaunda ringi tangu mwanzo. Kati ya majirani zangu hapa simjui hata mmoja anayeweza hilo. Na kwa kuwa hakupewa kipimo, alikitafuta mwenyewe: alikwenda shuleni, akapima goli alilolikuta uwanjani.

Lilikuwa goli la netiboli.

Ringi ya netiboli ina kipenyo cha sentimita 38, ya kikapu 45. Kimo ni kilekile, mita 3.05, kwa hiyo ukisimama mbali huoni kasoro. Walioiona ni watoto. Mpira wa kikapu wa watu wazima una upana wa sentimita 24 hivi, na kwenye ringi ile ukikosea kidogo tu unagonga chuma na kurudi. Tena netiboli haina ubao, kwa hiyo hapo fundi hakuwa na pa kuigia. Akafunga plaiwudi tupu, bila rangi, na mvua zilipoanza ikavimba na kubanduka matabaka. Na zege lake? Nguzo imesimikwa asubuhi, jioni vijana wananing'inia. Sasa imeinamia kwa jirani.

Mtaa mzima unasema fundi kaharibu. Hapo ndipo ninapokasirika. Kaharibu nini? Aliyemwita hakujua ringi inatakiwa kuwa pana kiasi gani, hakuuliza, hakukaa naye, na hakuliacha zege likomae. Tunaita fundi ili kazi tusiijue, halafu tunamlaumu kwa kutojua kitu ambacho hata sisi hatukukijua. Mdogo wangu ninampenda, na haya nimemwambia kwanza yeye.

Najua mtakachosema. "Huyu kakaa Marekani, sasa anatufundisha kuchimba mashimo." Sijasema muache kuajiri mafundi. Kijana wa Ujiji anayeishi kwa vibarua akinyimwa shimo la kuchimba, amenyimwa chakula, na nikija likizo sitamnyang'anya beleshi ili nionekane mchapakazi. Mwingine atasema, "Pesa ninayo, kwa nini nijichafue?" Usijichafue. Leta kiti, kaa hapo, shika tepu. Pima 45 kabla nondo haijachomelewa. Nyua nyingi za kwetu zina mteremko, kwa hiyo mita 3.05 zihesabiwe kuanzia pale mtoto anaporukia, usizihesabu kuanzia kitako cha nguzo. Lifunike zege magunia na ulimwagilie siku saba za mwanzo. Ubao upakwe rangi pande zote, hata kingo. Hayo yote yanawezekana Kigoma leo, na mafundi tunao.

Yupo pia wa kuniambia kikapu ni mchezo wa huku, kwetu mpira wa miguu unatosha. Hasheem Thabeet ni mtoto wa Dar es Salaam, na mwaka 2009, timu za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, zilipochagua wachezaji wapya, yeye alichaguliwa wa pili. Sisemi wanangu wa Kigoma watafika huko. Nasema wakirusha mpira vizuri uingie, kama unavyoingia kwa watoto wa hapa.

Tumekubaliana, fundi yuleyule anarudi. Safari hii vipimo vimeandikwa kwenye karatasi, na mdogo wangu atafunga duka ashinde naye uani. Alitaka amlipe nusu, kwa hoja kwamba anarekebisha kazi yake mwenyewe. Nimekataa. Fundi alifanya kadiri alivyoambiwa, na hii ni ringi mpya, bomba jipya, shimo jipya. Alipwe yote, na chakula cha mchana ale hapohapo.