Kichwa cha habari kinachosomwa bure

Pita asubuhi kwenye meza ya magazeti karibu na kituo cha daladala, Dar es Salaam. Utakuta watu wamesimama, mikono nyuma, wanasoma vichwa vya habari. Wanunuzi ni wachache. Wakishapanda gari ubishi unaanza, na mstari mmoja wa wino mzito unafika Mbagala na Gongo la Mboto bila mtu kufungua ukurasa wa pili.

Nguvu hiyo imetufaa. Magazeti yaliushikilia mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond, wa mwaka 2006, mpaka Bunge likaunda Kamati Teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Tarehe 7 Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu. Waliohoji mashahidi ni wabunge, lakini wananchi walikuwa wameshalijua jambo lenyewe, na kulifukia kukawa kugumu.

Wanaotaka vyombo vya habari vibanwe nao wana hoja, tena nzito kuliko tunavyopenda kukiri sisi tunaovitetea. Redio RTLM ya Rwanda ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Mwaka uliofuata, mauaji ya kimbari yakiendelea, watangazaji wake walitaja watu kwa majina na mahali walipo, wakafuatwa wakauawa. Siwezi kusema hayo ni maneno tu.

Lakini waasisi wawili wa redio hiyo walihukumiwa na mahakama ya kimataifa, hapa hapa nchini, Arusha, Desemba 2003, baada ya ushahidi kusikilizwa, na rufaa walikuwa nayo. Septemba 2013 gazeti la Mwananchi lilifungiwa siku 14, na moja ya makosa yake ilikuwa kuchapisha viwango vipya vya mishahara serikalini, waraka ulioitwa wa siri. Serikali ndiyo iliyolalamika, na ndiyo iliyohukumu. Mlipakodi alikosa gazeti kwa kuambiwa kodi yake inamlipa nani kiasi gani.

Kuna jambo jingine ambalo sheria hailigusi: bahasha. Mwandishi wa mkoani analipwa kwa habari iliyotoka, na malipo hayo hayatoshi hata nauli. Anakwenda kwenye mkutano, mwenye mkutano anamkatia "posho" mlangoni. Kesho yake mtu wa kituoni atasoma kichwa cha habari hiyo, mikono nyuma, na ataubeba uzito wake wote hadi nyumbani. Bahasha yeye hakuiona.