Arosto sio adhabu, watibuni wakiwa bado ndani

Kila tukianza kuongelea waraibu wa unga walioko jela lazima atokee mtu aseme muacheni humo humo, akitoka atakuwa ameshaacha. Mimi hii inaniuma sana kwasababu sio kweli, na watu wanakufa.

Mtu akikaa ndani miezi kadhaa bila kutumia, mwili unakuwa umeshasahau kuhimili ule unga ila hamu haijaenda popote. Sasa anatoka, hana kazi, nyumbani wameshamchoka, anakutana na washkaji wale wale, anapiga kipimo kile kile cha zamani na mwili haukiwezi tena, pumzi inakata. Kuna utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, ulitoka 2007, ulikuta wiki 2 za kwanza baada ya kutoka gerezani hatari ya kufa kwa ovadozi (kuzidisha dozi) ni mara 129 kuliko kwa raia wengine. Mara 129 jamani!

Na dawa za kutibu uraibu wa unga zipo. Methadoni na buprenofini ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu 2005. Jimbo la Rhode Island, huko huko Marekani, lilianza kuwapa wafungwa wake dawa hizi mwaka 2016, na ndani ya mwaka hivi vifo vya ovadozi kwa waliotoka karibuni vikashuka kwa asilimia 61.

Najua mtasema huko ni kutoa ulevi na kuweka ulevi mwingine. Hapana, dozi ikipangwa vizuri mtu halewi, arosto (yale mateso ya mwili kukosa unga) inakata, analala, anakula, ndo anaweza hata kumsikiliza mshauri. Mtu anayetapika na kuharisha usiku kucha huku mifupa inamuuma utampa ushauri nasaha gani? Na wa pombe ndo hatari zaidi, aliyezoea kunywa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege akafa hapo hapo mahabusu huku wenzake wanadhani anajifanyisha.

Kinachonikasirisha kuliko vyote ni yule aliyekuwa tayari kwenye methadoni, anaendelea vizuri, anakamatwa na dozi inakatwa siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari hatumnyimi insulini kisa kaiba.

Halafu siku ya kutoka, asifunguliwe tu geti. Apewe dozi ya siku hiyo, naloksoni (dawa ya kumzindua aliyezidisha unga) mkononi na ndugu zake wafundishwe kuitumia, na kliniki iwe inajua anakuja. Sio mnamtoa Ijumaa jioni kliniki zimefungwa mpaka Jumatatu.