Kung'oa mimea vamizi kwenye bustani za umma: kazi ya kujitolea inasaidia kweli au tunajichosha?

Kila kikundi cha kujitolea kikitangaza siku ya kung'oa mimea vamizi kwenye bustani ya umma, ubishi ni ule ule. Kuna wanaosema safi sana, wananchi wameamua kushika jembe wenyewe badala ya kukaa wanasubiri mamlaka, na kuna wanaosema mnajichosha bure, mtafyeka leo mtapiga picha na magunia yenu, afu mvua zikinyesha kichaka kinarudi kinene kuliko mlivokikuta. Mi ni mtu wa kwenda kwenye hizi kazi na nitaendelea kwenda, ila huyu wa pili nae anastahili kusikilizwa vizuri, maana kuna sehemu anaongea ukweli mtupu na sisi wa upande wa majembe huwa tunamkatisha kabla hajamaliza.

Kwanza kwanini watu wanahangaika. Sio kila mmea uliotoka mbali ni tatizo, mahindi na mihogo asili yake ni Amerika na hakuna anaeenda kuing'oa. Shida ni ile michache ambayo ikifika sehemu mpya inakuta wadudu na magonjwa yaliyokua yanaidhibiti kwao hayapo, basi inazaana bila breki na kufunika kila kitu. IPBES, lile jopo la kimataifa la sayansi ya bioanuai, kwenye ripoti yake ya 2023 lilisema binadamu tumeshahamisha spishi zaidi ya 37,000 (mimea, wanyama, vijidudu, vyote humo) na zenye madhara yanayojulikana ni zaidi ya 3,500, yani karibu moja kati ya kumi tu. Lakini hiyo moja hasara yake ilikadiriwa kupita dola bilioni 423 kwa mwaka 2019, na imechangia kwenye asilimia 60 ya matukio ya viumbe kutoweka duniani.

Hapo kuna hoja ya upande wa pili ambayo wanasayansi wenyewe wamebishania. Mwaka 2011 wanaikolojia 19 waliandika kwenye jarida la Nature kwamba tuache kuhukumu mmea kwa ulikotoka, tuuangalie unafanya nini pale ulipo. Wenzao zaidi ya 140 wakawajibu kwamba hakuna anaehukumu kwa asili peke yake, na kwamba spishi ngeni inaweza kukaa kimya miaka mingi ndo ije ilipuke. Mi naona wote wamesaidia. Kwenye bustani, kikundi kinachong'oa kila kisicho cha asili kinapoteza nguvu kwenye mimea isiyomkera mtu, wakati pembeni kuna kitu kinatambaa kinamaliza msitu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe maana ndo kwenye utamu wa huu mjadala. Chukua lantana, ile yenye vimaua vya njano na pinki vilivyochanganyika, ambayo ilisambazwa duniani kama ua la bustani tu. Ukiikata na panga usawa wa goti umeipogoa, hujaiua. Kisiki kinachipua matawi mengi kuliko ya mwanzo na miezi michache baadae hupiti. Namna inavotakiwa ni mmoja anavuta shina pembeni (na glovu, ile miba midogo inachana mikono vibaya), mwingine anachimba kuzunguka na sururu mpaka aione ile sehemu shina linapokutana na mizizi, pamevimba kama ngumi na ndo pana vijicho vya kuchipulia, anakata chini ya hapo, afu kisiki kinageuzwa mizizi ikae juu ipigwe jua. Mathenge, ule mti vamizi wa miba, nayo ni hivo hivo, ukiikatia juu ya ardhi inakurudia. Kisiki kimoja kikubwa kinaweza kula nguvu za watu wawili kwa muda mrefu tu na mwisho wa siku hakijai hata gunia moja.

Na hapa ndo nakubaliana kabisa na wapinzani. Vikundi vingi vinapima kazi kwa magunia, au kwa ukubwa wa eneo lililosafishwa, na ukipima hivo unampa sifa aliefyeka na panga na unamuona mzembe yule aliekaa kwenye kisiki kimoja. Kipimo kinazaa kazi mbaya. Picha za kabla na baada zinapendeza ila zingepigwa tena baada ya misimu miwili ya mvua ndo tungejua nani alifanya kazi.

Kuna mimea mingine mambo ni kinyume kabisa, haina shida ya kisiki ila ina shida ya mbegu. Gugu karoti mmea mmoja uliokomaa unaweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000, kwahiyo ukiung'oa ukiwa umeshatoa maua na kuuburuza mpaka kwenye rundo umeusaidia kusambaa. Inatakiwa uing'oe ikiwa bado changa, majani yamelala chini, kabla shina halijapanda, na ushike kwa glovu maana inasababisha muwasho mbaya wa ngozi na wenye pumu inawabana. Ulaya na Marekani wanahangaika na ule mmea wa Kijapani unaitwa knotweed, kipande kidogo tu cha mzizi wake kikibaki kwenye udongo kinaota upya, na kuna watu wa nia njema kabisa walioung'oa wakaumwaga sehemu nyingine na kuanzisha tatizo jipya. Kwahiyo anaesema kujitolea bila maelekezo kunaweza kuharibu zaidi hajakosea, huo ni ukweli na inabidi tuukubali.

Afu kuna udongo. Ukishaondoa kichaka, jua linapiga sehemu ambayo ilikua kivuli miaka na miaka, udongo umechimbuliwa umelegea, na humo ndani mbegu za yule yule mvamizi zimejaa zinasubiri nafasi hiyo. Mvua ya kwanza unakuta miche imefunika chini yote. Saa nyingine anarudi mwingine kabisa, umetoa lantana umekaribisha gugu karoti. Ndo maana mi nawakubali sana wale dada wawili wa Sydney, Joan na Eileen Bradley, ambao kuanzia miaka ya 1960 walikua wanang'oa magugu kwenye misitu ya karibu na kwao kwa mtindo wao. Walikua hawaanzii kwenye kichaka kibaya kuliko vyote kama tunavofanya wengi, walianzia sehemu ambayo mimea ya asili bado ina nguvu, wanatoa wavamizi wachache waliomo, wanarudishia majani yaliyooza juu ya udongo, na hawasogei mbele mpaka mimea ya asili ijaze yenyewe pale walipotoa. Inaenda polepole sana, na ukiwa na watu hamsini wamekuja na majembe asubuhi moja huwezi kuwaambia leo tunafanya hiki kipande kidogo tu afu tunaenda nyumbani. Lakini wale watu hamsini wakigawanywa kwenye tarehe kumi za watano watano wanafanya kazi kubwa zaidi kuliko wakija wote siku moja, hii mi naiamini kabisa.

Wanyama nao. Vichaka vibaya kwetu ni nyumba kwa wengine, ndege wanajenga humo na wadudu wanakula maua. Kusini magharibi mwa Marekani walikua wanaachia mbawakawa wa kula miti vamizi ya tamariski kando ya mito, ikaja kuonekana kuna ndege mdogo aliyeko hatarini kutoweka anajenga kiota kwenye hiyo hiyo miti, na 2010 wizara yao ya kilimo ikasitisha kuwaachia wale wadudu. Kwa bustani ya mtaani ina maana usifyeke msimu wa viota, na usitoe kichaka chote kwa mpigo kama hujapanda mbadala wowote. Sio sababu ya kuacha kabisa, lantana ukiiacha inaendelea kusogea na ndege wanaokula matunda yake ndo wanaobeba mbegu mpaka mbali.

Wanaosema "kwanini msipige dawa tu mkamaliza" mi siwaelewi sana wakiongelea sehemu watoto wanapocheza. Glaifoseti, dawa ya kuua magugu maarufu kuliko zote, shirika la IARC la utafiti wa saratani liliiweka 2015 kwenye kundi la zenye uwezekano mkubwa wa kusababisha saratani kwa binadamu, mamlaka nyingine kama ya mazingira ya Marekani zinapinga, na wakati wanabishana mi sioni sababu ya kumpa mtu wa kujitolea bomba la mgongoni bila mafunzo. Mtaalamu kupaka kidogo kwenye kisiki kilichokatwa ni jambo tofauti na kunyunyiza eneo zima. Na wadudu wa kudhibiti ndo kabisa sio kazi ya kikundi cha mtaa. Wanafanya kazi, magugu maji ya Ziwa Victoria yalipungua sana mwishoni mwa miaka ya 1990 baada ya kuachiwa fukusi wanaoyala, ila ilichukua utafiti na serikali nzima nzima, na magugu bado yanarudi.

Hoja inayoniumiza kichwa zaidi ni ya malipo. Afrika Kusini mwaka 1995 serikali ilianzisha programu ya Working for Water, inawalipa watu wasio na ajira kuondoa mimea vamizi inayokunywa maji ya mabonde. Kule kung'oa ni ajira. Sasa sehemu ambayo mamlaka ina bajeti ya bustani na inaona watu wanakuja bure kila mwezi, kishawishi cha kupunguza wafanyakazi wa bustani kipo, na anaepoteza kibarua ni mtu mwenye sururu, sio mwenye kutoa maagizo. Wanaojitolea mara nyingi ni watu wenye nafasi ya kupoteza asubuhi nzima bila kipato. Hii sina jibu la kuimaliza, ila naona ni halali kabisa kikundi kukataa kuanza mpaka mwenye bustani aandike kwamba wafanyakazi wake wanabaki, na kwamba mmoja wao anaijua ratiba ya kurudia na analipwa kuisimamia.

Kuna kitu kimoja lakini ambacho wa kulipwa na mashine hawakifanyi vizuri kama watu wa jirani, nacho ni kuona mapema. Mtu anaepita njia ile ile kila siku ndo anaeshtuka kuona mche ambao wiki iliyopita haukuwepo, na mche mmoja unang'oka kwa vidole viwili wakati kichaka cha miaka mitano kinataka sururu na watu. Ndo huyo huyo pia anaejua kwamba kitalu cha jirani bado kinauza lantana na magugu maji kama mapambo, na ana uwezo wa kwenda kuongea na muuzaji kwa lugha ya ujirani kabla ya mambo ya sheria. Mi ningependa vikundi viache kutangaza "siku ya kung'oa" vianze kugawana vipande, familia hii inashika kutoka kwenye benchi mpaka kwenye mfereji, ile nyingine kutoka mfereji mpaka kwenye geti, na kila mtu anajua kipande chake kikiota miche baada ya mvua ni yeye wa kuulizwa.