Woke: neno lililoanza kama onyo

Siku hizi mtu akiandika "woke" mtandaoni, mara nyingi anatukana. Anamsema mtu anayejiona mwema kuliko wenzake, anayesahihisha kauli za watu na kuwinda makosa yao. Wapo wanaosema hiyo ndiyo maana yake sasa, basi, kwani maneno huhama na hakuna mwenye hatimiliki nayo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini wanaoishikilia wengi hawajui neno lilihama kutoka wapi.

Lilitoka kwa Wamarekani weusi. Mwaka 1931, jimboni Alabama, vijana tisa weusi waliteremshwa kwenye treni ya mizigo wakituhumiwa kuwabaka wanawake wawili wazungu. Haukupita mwezi, wanane wakawa wamehukumiwa kifo. Baadaye mmoja wa wanawake hao aliikana tuhuma hiyo mahakamani, na bado kesi zikaendelea. Ndipo mwaka 1938 mwanamuziki Lead Belly aliporekodi wimbo kuhusu vijana hao, na mwishoni akazungumza tu, bila kuimba: mweusi akipita Alabama awe mwangalifu, "stay woke".

Kwa Kiswahili tungesema: kaa macho. Mama humwambia hivyo mwanawe anayesafiri usiku. Halina majivuno wala darasa la siasa ndani yake. Ni neno la kumrudisha mtu nyumbani akiwa hai. Hili ndilo linaloniuma ninapoona likigeuzwa kejeli, kwa sababu hatari iliyolizaa haikuwa ya kubuni.

Mwaka 1962 mwandishi William Melvin Kelley alichapisha makala katika New York Times, na neno "woke" limo kwenye kichwa chake. Humo alieleza jinsi misemo ya weusi inavyochukuliwa na wazungu, nao weusi wakaitupa na kubuni mingine. Ni kama alikuwa analiandikia neno hilo wasifu wake kabla ya wakati.

Baada ya polisi kumuua kijana Michael Brown mjini Ferguson mwaka 2014, onyo lile la kale lilisambaa nchi nzima. Mwaka 2017 kamusi ya Oxford ikaliingiza kwa maana yake mpya. Hapo lazima tuwe wakweli: likawa pia beji. Watu ambao hawajawahi kuogopa askari barabarani walijipachika, wakaanza kuwapima wengine. Barack Obama mwenyewe, akiwa Chicago mwaka 2019, aliwaonya vijana waachane na fikra ya kuwa safi na "woke" wakati wote. Kwa hiyo wanaolichukia neno hili hawakubuni kila walichokiona.

Tatizo ni kwamba chuki hiyo haikuishia kwenye beji. Mwaka 2022 Florida ilipitisha sheria iliyopewa jina la Stop WOKE, ikiwekea mipaka mafunzo kuhusu ubaguzi kazini na shuleni. Mwaka huohuo, katika kesi nyingine, mwanasheria mkuu wa ofisi ya gavana Ron DeSantis aliulizwa mahakamani "woke" maana yake nini. Hakutaja majivuno wala unafiki. Alijibu kwamba ni kuamini kuwa jamii ya Marekani ina dhuluma zilizomo ndani ya mfumo wake, na kwamba zinapaswa kushughulikiwa.