Mhusika Aitwaye Dharura

Mwezi Januari mwaka 2024, mvua ilipokuwa imelainisha udongo wa mtaa wetu wa Chang'ombe, Dodoma, kiasi cha kumvua mtu kiatu, nilituma muswada wa riwaya yangu ya kwanza kwa wachapishaji fulani wa Dar es Salaam. Riwaya yenyewe ilimhusu mzee wa Bahi anayelinda kisima ambacho kijiji kizima kinaamini kimekauka. Niliiandika kwa miaka sita, usiku, baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi, na ilipofika ukurasa wa 214 nikaihifadhi kwenye flashi kwa jina la MWISHO. Siku mbili baadaye niliona makosa, nikayarekebisha, nikaihifadhi upya kwa jina la MWISHO KABISA.

Katika flashi hiyo hiyo ilikuwamo bajeti ya harusi ya mpwa wangu. Kwenye ukoo wetu, mtu akishajulikana kwamba anaandika hadithi hupewa ukatibu wa kila kamati, kwa imani kwamba kalamu ni kalamu. Bajeti ile ilikuwa imebadilishwa kila kikao kwa wiki tano, na mimi, kwa kuchoka, nikaipa jina la MWISHO KABISA 2.

Chaja ya kompyuta yangu ilikuwa imeungua, kwa hiyo nilikwenda steshenari moja jirani na Soko la Majengo. Umeme ulikuwa umekatika mara mbili asubuhi ile, na foleni ya waliotaka kutoa nakala za vyeti ilikuwa imefika barazani. Nilimwambia binti wa pale kwamba kazi moja ya kwenye flashi iende Dar es Salaam kwa barua pepe pamoja na barua niliyoiandaa, na nyingine iende Kondoa kwa mwenyekiti wa kamati, ambaye ni baba mkubwa wa bibi harusi.

"Ya Dar ndiyo ipi, mwalimu?" aliuliza.

"Hiyo ya juu," nilimjibu, bila kuinama kuangalia kioo. Nililipa shilingi 2,000, nikatoka pale nikitembea kama mwandishi.

Mwenyekiti alijibu jioni ile ile: "Nimeipokea na nimeipitia. Imekaa vizuri, ila ni ndefu. Ipunguzwe kidogo." Kesho yake nilirudi steshenari, nikaondoa kreti tano za soda, nikatoa nakala 20 za wajumbe. Harusi ilifanyika mwezi Februari, ndafu walikuwa wawili, na hakuna aliyelalamika isipokuwa wale ambao hulalamika kila harusi.

Wachapishaji, kwa upande wao, walijibu kwa ile barua inayojiandika yenyewe, iliyosema kwamba muswada umepokelewa na kwamba mwandishi avute subira kwa miezi mitatu hadi sita. Hapo ndipo nilipoamua kuwa mtu wa fikra chanya. Nilijua kwamba riwaya hukaa foleni nyuma ya vitabu vya shule, kwamba muswada hupitia kwa msomaji, kisha kwa mhariri, kisha kwa mtu wa hesabu ambaye hasomi chochote isipokuwa idadi ya kurasa. Kwa hiyo kila kimya kilipozidi nilikipa tafsiri njema. Mwezi wa pili nilisema wanaisoma polepole ili waifaidi. Mwezi wa tatu, zabibu za mavuno ya kwanza zilipojaa kwenye ndoo kandokando ya barabara, nilisema bila shaka wanaisoma mara ya pili.

Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu Nyerere na ambayo ndiyo hutolewa tuzo ya uandishi bunifu yenye jina lake, nilikaa mbele ya televisheni nikiwa nimevaa koti. Mke wangu aliniuliza kama nina safari. Nilimweleza kwamba mtu hujizoeza. Kila mshindi alipoitwa nami niliinuka kidogo kwenye kochi, hadi mtoto wetu mdogo akauliza kama baba ana jipu.

Mwezi wa tano nilikwenda studio kupiga picha ya jalada la nyuma. Mpiga picha, kijana mwenye juhudi, alisema waandishi wote huweka mkono shavuni na kutazama mbali, nami nikafanya hivyo. Picha ilipoletwa nyumbani mke wangu aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba mtu akishika tama namna ile watu huuliza msiba uko wapi. Nikaificha chini ya godoro, lakini sikuitupa.

Julai treni ya mwendokasi ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, safari ya takribani saa nne, nilijiuliza ni vipi watu wawahi kufika namna ile ilhali barua pepe ya mistari mitatu inashindwa. Nilijijibu, kwa uchanya ule ule, kwamba huenda wanakuja wenyewe na mkataba mkononi. Nakiri kwamba Jumamosi mbili nilikwenda hadi stesheni, kwa kisingizio cha kumsindikiza jirani ambaye hakuhitaji kusindikizwa.

Jibu lilifika mwezi Septemba, zabibu zikiwa zimevunwa mara ya pili. Nililisoma nimesimama barazani, nikalisoma tena nimekaa. "Ndugu mwandishi, tunaomba radhi kwa kuchelewa. Muswada wako ulizungushwa kwa wasomaji watatu, kwa kuwa wa kwanza alidhani ni aina mpya ya ushairi. Katika barua yako ulieleza kwamba hakuna neno lililozidi na kwamba mwisho wake utamliza msomaji. Tunakubaliana nawe katika yote mawili, hasa tulipofika kwenye jumla ya shilingi 14,650,000. Hata hivyo, hatukuelewa ni kwa nini mhusika aitwaye Dharura anajitokeza ukurasa wa nne tu, anachukua shilingi 500,000, na hasikiki tena. Aidha, msomaji wetu wa tatu, ambaye ana harusi mwezi Desemba, anauliza kama bei ya maturubai ni ya siku moja au mbili."

Mke wangu alicheka hadi akaketi sakafuni. Mimi sikucheka, kwa sababu akili yangu ilikuwa imeshakimbilia Kondoa. Ikiwa bajeti ilikwenda Dar es Salaam, basi mwenyekiti wa kamati alikuwa amepitia nini jioni ile? Nilimpigia simu papo hapo.

"Shikamoo, shemeji. Ile bajeti niliyokutumia mwezi wa kwanza, uliifungua?"

"Marahaba. Niliifungua. Nikaona kurasa 214, nikasema kweli gharama za harusi zimepanda."

"Na uliisoma?"

Alikohoa kidogo. "Nilisoma mwanzo, pale penye mzee na kisima. Nilidhani ni utangulizi. Ninyi walimu mnapenda utangulizi, shemeji, nikasema nisikuvunje moyo."

Nilimweleza yote, kuanzia steshenari hadi Dharura. Alinisikiliza bila kunikatiza, kama anavyosikiliza kikaoni, kisha akanyamaza kwa muda ambao kwenye simu ni mrefu.

"Kwa hiyo kile ni kitabu," alisema mwishowe.

"Ndiyo, shemeji. Ni kitabu."

"Basi hongera sana. Lakini ule ushauri wangu wa kupunguza, nausimamia."